Mbuzi wa Kuomba Msamaha

Wazee wa ukoo wa jirani yangu walipokuja kuniomba nimpeleke binti yangu kwao pamoja na mbuzi, nilipaswa kukataa. Nilikubali kabla chai yao haijapoa.

Binti yangu alikuwa daktari wa familia mwenye kliniki yake hapa Kilungu, na watu wa nyumba moja, kuanzia nyanya hadi kitukuu, wote walitibiwa naye. Jirani huyo, mgonjwa wa sukari, alienda kwake na kidonda mguuni. Akaambiwa aende hospitali kubwa siku hiyo hiyo. Lakini maembe yalikuwa yameiva, na akaona amalize kwanza kuyavuna na kuyauza. Alipofika hospitali, mguu ulikatwa. Ukoo wake ukasema daktari ndiye aliyechelewa kumtuma.

Kwetu, jambo kama hilo linamalizwa nyumbani. Unapeleka mbuzi, unasema umekosa, mnakula pamoja, na halitajwi tena.

"Baba, mimi sikukosa," binti yangu aliniambia. "Na bima yangu ya kazi inanikataza kukiri kosa kwa mtu yeyote bila idhini yao. Wao ndio watanipa wakili na kulipa fidia nikishtakiwa. Nimewapigia, wamesema ninyamaze kwanza."

"Wakili atakuja kukuzika? Watakaokuzika ni hawa majirani."

"Naweza kumpa pole. Kumpa pole si kukiri."

"Mbuzi hapelekwi na pole, mama. Ni neno tu. Liseme, tule, yaishe."

Akaenda kubadilisha viatu.

Njiani mbuzi aligoma kupanda kilima. Mzee mmoja aliyetungoja langoni akapaza sauti, "Daktari, huyo mpime presha kwanza!" Tulicheka sote, hata binti yangu, nami nikaamini nimefanya vizuri.

Alisimama mbele ya jirani aliyekaa na magongo yake, akasema, "Nimekosa, baba. Nisamehe." Jirani alimshika mkono akalia. Nadhani yeye alijua ukweli. Tulikula hadi mifupa.

Lakini kijana wa jirani, anayeishi Nairobi, hakuwepo, wala hakula. Alienda kortini. Wakili wake akawaita wale wazee watoe ushahidi, na hawakusema uongo: "Alisema amekosa. Tulimsikia." Watu wa bima wakamuuliza binti yangu kama ni kweli alikiri bila idhini yao. Akajibu ni kweli. Wakamwondoa wakili wao, wakasema fidia ataibeba mwenyewe. Hakuwaambia kwamba ni mimi niliyemshurutisha.

Kesi ilimwangukia, akauza kliniki. Jirani alimtuma mkewe kwetu na kikapu cha maembe. Tuliyapokea.

Nimewahi kujitetea kwamba sikuelewa mambo ya bima. Si kweli. Alinieleza kwa maneno mepesi na nikaelewa. Niliogopa tu kwamba kanisani watu wangeanza kunikalia mbali.

Siku hizi mle kliniki wanauza mbegu na dawa za kunyunyizia miembe. Binti yangu ameajiriwa mbali, na humpigia mama yake Jumapili baada ya ibada. Nikiwa karibu humsikia akiuliza, "Baba anameza dawa zake?" Mama yake humjibu, kisha wanaagana.

Uamuzi ule ulinigharimu binti yangu. Yu hai, ana afya, na hazungumzi nami.