Siku Mheshimiwa Alipobeba Ndoo

Nilipohamishiwa kama mkunga zahanati ya kijiji kimoja huku Sindeni, wilayani Handeni, hakuna aliyeniuliza nimesomea wapi. Niliulizwa kabila. Nikasema mimi mzaliwa wa Mazinde, babu yangu aliletwa kutoka Tabora enzi za manamba kuja kukata mkonge, akakata mpaka akazeeka, nasi tukakulia kambini. Bibi mmoja aliyekuwa kwenye benchi la wagonjwa, mguu umefungwa bandeji, akasahau maumivu yake palepale. Akawageukia wenzake akawatangazia kwamba safari hii serikali imewakumbuka, imewaletea Mnyamwezi wa kuwabebea mizigo.

Benchi zima likacheka, nami nikajua nimefika nyumbani. Wazigua na Wanyamwezi ni watani tangu mababu zetu walipokuwa wakipita njia hizi na mizigo kichwani kuelekea pwani. Mtani anaweza kukwambia neno ambalo ndugu yako wa tumbo moja hathubutu, na kununa hakuruhusiwi. Yule bibi nilimjibu kwamba mguu wake hauna ugonjwa wowote, umevimba kwa uvivu, nikamsafisha kidonda vizuri, tukawa marafiki hadi leo.

Zahanati yetu ilikuwa na tangi kubwa jeusi, ilikuwa na sinki, ilikuwa na bomba linalong'aa kwenye chumba cha kuzalishia. Kilichokosekana ni maji. Tangi lilikinga mvua ya bati, na mvua za huku mnazijua: zikija huja kwa pupa, zikiondoka zinasahau njia. Kiangazi kikishika, mama mjamzito alikuja kujifungua na kanga zake, na nyuma yake mama mkwe na ndoo ya maji kichwani kutoka lamboni, kwenye bwawa la kijiji, mwendo wa saa nzima. Ndoo hiyo ndiyo niliyonawia, ndiyo niliyosafishia, ndiyo niliyofulia. Aliyefika bila ndoo nilimtolea dumu langu la maji ya kunywa. Niliogopa, sifichi. Kila mama aliyetoka salama na mwanawe nilimshukuru Mungu, kisha nikakasirika upya.

Matumaini yetu yalikuwa kwa Mheshimiwa mmoja, mbunge wa viti maalumu, Mzigua, mwanamke wa umri wangu. Akisimama bungeni, mara nyingi husimamia afya: wakunga wasiotosha, bima ya afya kwa mkulima ambaye kipato chake hakina mwezi, gari la wagonjwa linaloshindwa kupanda milima ya Korogwe kwa ubovu wa barabara. Watu walimpenda kwa jambo moja. Hasemi alichosimuliwa. Anakwenda, anaona kwa macho yake, ndipo anasema.

Basi tukasikia anakuja kwetu. Mwenyekiti wa kijiji, mzee mpole anayependa mambo yaende kwa adabu, akaitisha kikao. Hoja ilikuwa moja tu: mgeni wa heshima namna ile hawezi kufika zahanati akakosa maji ya kunawa mikono. Ilikuwa aibu hata kulifikiria. Wanawake wakachota maji siku mbili mfululizo, wakapandisha ndoo moja baada ya nyingine mpaka tangi likafika nusu. Hakuna aliyedhani anadanganya. Tulikuwa tunampokea mgeni kama tulivyolelewa, na mimi mwenyewe nilibeba ndoo tatu.

Mheshimiwa akaja, akakagua dawa, akakagua vitanda, akaingia chumba cha kuzalishia akafungua bomba. Maji yakatoka. Akanawa taratibu, uso umemchangamka, akauliza kama maji tunayo. Mwenyekiti akasema yapo, tunamshukuru Mungu. Na kweli yalikuwepo. Mimi nilisimama pembeni na gauni langu jeupe, mdomo wote huu nilionao, nikanyamaza. Akala pilau, akafungiwa jogoo, akaondoka.

Bunge la bajeti lilipofika tukakusanyika dukani kumsikiliza kwenye simu ya mwenye duka. Alizungumza vizuri mno. Akavitaja vijiji visivyo na maji kwenye zahanati, akaomba vipewe kipaumbele. Kisha akakitaja kijiji chetu kwa jina, na watu wakapiga makofi kwa furaha ya kutajwa bungeni. Akaendelea: pale alinawa mwenyewe bombani, maji yanatoka vizuri, kwa hiyo anashauri fungu la maji la pale lipelekwe kwanza kwa wasio nayo.

Makofi yakaisha moja moja. Mwenyekiti akavua kofia akaishika mkononi. Mwishowe yule bibi wa mguu akasema tumejimaliza wenyewe, na siku hiyo hakuongeza utani.

Sasa nani angemwambia? Kumwandikia barua ni kuungama kwamba kijiji kizima ni waongo, na aibu yote ingemwangukia mwenyekiti. Kila mtu alimtazama mwenzake. Nami nilikuwa na mama wanne waliokaribia kujifungua, na mbingu ilikuwa imeshakauka. Nikawaza usiku kucha, halafu asubuhi nikacheka peke yangu jikoni. Kijiji kizima kilifungwa mdomo na adabu, isipokuwa mimi. Mimi ni mtani.

Kiangazi hichohicho Mheshimiwa akarudi kuzungumzia bima ya afya. Mkutano ulikuwa mbele ya zahanati. Alipomaliza, akavua viatu akaketi mkekani na akina mama, kama kawaida yake. Nikapita nyuma, nikavichukua viatu, nikavipandisha juu ya kichwa changu watu wote wavione, nikatangaza kwamba Mnyamwezi amekamata mali ya Mzigua. Afisa mmoja aliyekuja naye akaruka kunizuia. Mheshimiwa akamwambia amwache huyo, Mnyamwezi ni mtani wake, akauliza anatakiwa kulipa nini.

"Viatu hivi havigombolewi kwa hela," nilimwambia. "Vinagombolewa kwa ndoo moja ya maji kutoka lamboni, kichwani kwako mwenyewe. Miaka yote mnatuita wapagazi. Leo nataka nimwone Mzigua akibeba."

Uwanja uliangua kicheko. Mwenyekiti peke yake hakucheka, maana alishaona ninakoelekea. Mheshimiwa akafunga kanga kiunoni, akaazima malapa ya yule bibi, tukashika njia, akina mama wakiimba nyuma yetu. Kwenda kulikuwa harusi. Alinitania njia nzima kuhusu babu zangu, nami nikamrudishia kwa riba.

Lamboni tulikuta ng'ombe wa wafugaji wanakunywa ng'ambo. Akawatazama, kisha akatazama maji. Alijaza ndoo yake kama mtu aliyewahi kufanya kazi hiyo utotoni, tukamtwika, nami nikajitwika yangu. Kurudi hakukuwa na nyimbo. Maji yalimchuruzika shingoni yakamlowesha blauzi, akapumzika mara tatu. Mara ya tatu akauliza kama wajawazito nao wanapita njia hiyo.

"Hiihii," nikamjibu. "Na wewe mara ile ulinawa maji ya hukuhuku. Tulikubebea."

Akaitua ndoo. Akaniuliza kwa nini hatukumwambia. Nikamwambia alikuwa mgeni. Nikamwambia pia kwamba mimi ni mkunga, kila siku nawahimiza akina mama kuwa mficha uchi hazai, kumbe siku ile tuliuficha sisi wote, mimi nikiwa wa kwanza. Aliinama tumtwike tena, akatangulia, nami nikamfuata nyuma. Utani una mpaka, na nilifikiri nimeuvuka.

Tulipofika zahanati aliagiza beseni na kata. Akamwita mwenyekiti. Mzee akaja kofia mkononi, uso chini. Mheshimiwa akachota maji kwa kata, akamnawisha mikono, polepole, kama mwenyeji anavyomnawisha mgeni kabla ya chakula.

"Mzee wangu," akamwambia, "mimi si mgeni hapa. Nimezaliwa Handeni."

Mzee akacheka huku machozi yakimtoka. Nikamrudishia Mheshimiwa viatu vyake. Akavivaa kwa tabu, miguu imevimba, akaniambia deni amelipa ila shingo nitamlipa mimi.

Bungeni alipopata nafasi aliirekebisha kauli yake mbele ya wote, na tulikuwa tumejazana dukani tena. Alisema maji aliyoyasifia yalipanda tangini juu ya vichwa vya wanawake, naye hakuuliza yametoka wapi. Akapendekeza chumba cha kuzalishia kisifunguliwe popote kabla ya maji kufika, na viongozi wakague zahanati bila kutuma salamu mbele. Kisha akaanza kueleza kuhusu ndoo na shingo yake, kengele ikamkata. Dukani tulipiga kelele kana kwamba timu yetu imefunga.

Maji hayakuja kesho yake. Nawaambieni hivyo msije mkadhani hotuba inachimba. Mafundi walitoboa shimo la kwanza likatoa vumbi, mwenyekiti akakosa usingizi. La pili likatoa maji, wakafunga pampu ya umeme wa jua, na siku ya kufungua Mheshimiwa akaja bila taarifa, kama alivyopendekeza mwenyewe. Lakini kijiji ni kijiji. Habari ilishatangulia tangu alfajiri.

Akaingia chumba cha kuzalishia, akafungua bomba, maji yakaruka kwa nguvu. Hakunawa. Aligeuka akauliza, "Haya ni ya bomba au ya vichwani?"

Mwenyekiti akaapa ni ya bomba. Mheshimiwa akatoka, akazunguka nyuma ya jengo, akakuta ndoo kumi na tano zimejaa, zimefunikwa, zimepangwa ukutani. Wanawake walizileta endapo pampu itatutia aibu. Alicheka mpaka akashika ukuta, na mwenyekiti akaapa upya kwamba hizo hakuzijua. Mimi nilizijua.

Tukiwa bado tunacheka, nikaitwa ndani. Kulikuwa na binti mwenye uchungu wa mimba ya kwanza, akisubiri wodini tangu asubuhi. Nilinawa bombani, hadi viwiko, nikaacha maji yatiririke zaidi ya ilivyohitajika, na sioni haya kusema kwamba nililia kidogo. Mtoto alikuwa wa kike, mwenye sauti kubwa kama watani wangu wote.

Nilipotoka kutoa habari, mama mkwe wake alikuwa ndiyo kwanza anaingia uani, jasho linamtoka, ndoo kichwani. Alitoka lamboni. Hakuna aliyekumbuka kumwambia kwamba bomba sasa linatoa maji. Maneno ya kumtua mama ndoo kichwani nimeyasikia kwenye mikutano mingi, yamechapwa hata kwenye fulana. Siku hiyo niliona mtu akiyafanya. Mheshimiwa alimwendea, akaishika ndoo kwa mikono miwili, akaishusha chini akimwambia kwamba mjukuu ameshafika na ameshaogeshwa.

Yule mama alibaki amesimama, mkono bado uko juu pale ndoo ilipokuwa. Kisha akaushusha, akajifuta kwa kanga, akaingia ndani kumpokea mtoto.