Taya Aliloligundisha Mama Sindano

Saa tatu asubuhi, Mama Sindano anadondosha tone la asetoni, dawa ya kuyeyusha gundi, kwenye taya la mnyama wa kale, kisha anabana pumzi. Tone likizidi, mfupa utapasuka. Lisipotosha, gundi haitaachia. Na gundi hiyo aliipaka mwenyewe, miaka mitatu iliyopita.

"Laiti ingekuwa kazi ya mtu mwingine!" anasema, bila kuinua macho.

Kazi yake ni kusafisha visukuku, yaani mifupa iliyogeuka jiwe, kwa sindano na brashi. Ameifanya miaka kumi na minne, kwa mikataba ya miezi sita sita. Wa sasa unaisha mwisho wa mwezi.

Taya hili ndilo fahari ya maabara. Keshokutwa bosi wake, ambaye wote humwita Daktari, atawatangazia watafiti wenzake kwamba ni la mla nyama asiyewahi kujulikana. Lakini juzi, akilifuta vumbi, Mama Sindano aliona jambo lililomkata maini.

"Meno ya mbele yamelika, butu kabisa. Huyo alikuwa mnyama mzee," anaeleza. "Gego la nyuma lina makali ya kisu, kama la mnyama mchanga. Sasa mdomo mmoja uzeeke nusu vipi, jamani?"

Dada yake alimsihi afunge domo, maana ana watoto wanaosoma.

"Nikamwambia, dada, mficha uchi hazai." Akamwendea Daktari.

Sasa Daktari amesimama mlangoni, mikono mfukoni.

"Mama, ukilivunja, tumekwisha wote."

"Na nisipolifungua?"

Daktari anasogea mezani.

Tone la kumi na moja. Tik! Vipande vinaachana. Mama Sindano anavigeuza chini ya lenzi, anajaribu kuvirudisha bila gundi. Wapi! Kingo hazikutani. Ni wanyama wawili, na pengo kati yao alilijaza yeye.

Daktari anaketi, anatoa simu na kuifuta hotuba yake.

"Nimeogopa, sikufichi," Mama Sindano anasema.

Anaomba mkataba wa miezi sita mingine tu. Kabatini kuna mataya arobaini na moja aliyoyagundisha kwa mkono wake, na anataka kuyakagua yote, moja moja.

"Wakileta mtu mwingine," anasema, "atayaamini tu yalivyo."