Kisu cha Mashoto

Kwenye karakana ya makochi walimwita Mashoto, na jina likamkaa kama nguo ya kupimiwa. Alikuwa mshonaji, mama wa mtoto mmoja anayeota meno, na cherehani ilimtii. Meza ya kukatia ngozi ndiyo iliyomkataa. Kila alipopitisha kisu kandokando ya rula, mstari ulianza vizuri, ukifika katikati unatoroka.

"Huo mkono umelewa?" fundi mkuu alimuuliza Jumatatu, akiinua kipande kilichopinda. "Ijumaa nakupa mgongo mmoja wa kochi. Ukipinda tena, utabaki kwenye cherehani mpaka uzeeke, na meza nampa mwingine."

Aliitaka mno meza ile. Anayekata ndiye anayeamua kochi liwe na sura gani.

Jioni alimweleza baba mkwe wake. Mzee alikuwa amenoa misumeno miaka arobaini, na ingawa alishastaafu, vidole bado vilimwasha. Hakumpa pole. Aliinama uvunguni mwa kitanda, akaibuka na bapa la msumeno wa chuma lililochakaa, akalikata vipande viwili. Kimoja akakipiga tupa jioni mbili, akakinoa na kukivisha mpini wa mti.

Jumatano Mashoto alikijaribu mbele ya mzee, kwenye ngozi chakavu. Mstari ukatoroka vilevile. Akakificha kile kipande nyuma yake. Atamwambiaje mzee, na macho yake yanang'aa vile?

"Sema tu, mwanangu. Mimi si yai."

"Kinapinda, baba. Labda kweli ni mkono wangu."

Asubuhi yake alikuwa akimenya viazi, mtoto mgongoni. Ganda likashuka refu, jembamba, bila kukatika. Akaacha kumenya, akakitazama kisu. Kile cha jikoni hakuna mwingine aliyekiweza. Mumewe alikijaribu siku moja, akamenya nusu kiazi, akakirudisha. "Kisu chako kina kiburi kama mwenyewe." Tangu aolewe alikuwa akikinoa kwenye kizingiti cha saruji, kwa mkono wake wa kushoto, upande mmoja tu, kwa zile haraka za jikoni.

Akakimbilia kwa mzee, kisu kikidondosha maji ya viazi. Mzee akakipeleka dirishani, akapapasa upande huu, akageuza, akapapasa upande wa pili. Akacheka mpaka akakohoa.

"Mazoea haya! Kisu cha ngozi hunolewa upande mmoja, na ule upande bapa ndio unaolala kwenye rula. Mimi nimekunolea kama mtu wa mkono wa kulia. Kwako ule upande ulionolewa ndio unaogusa rula, kwa hiyo kinasukumwa nje. Na vya kule kazini ni hivyo hivyo. Mkono wako hauna kosa, mwanangu. Haujawahi kuwa na kosa."

Tangu darasa la kwanza aliambiwa kinyume chake. Mashoto akamshusha mtoto mgongoni, akajifanya anamfuta udenda.

Jioni ile walikaa wawili barazani na kipande cha pili cha bapa. Mzee alifuata umbo la kisu cha jikoni, ufupi wake na ule mviringo wa ncha yake, na kwenye mpini akachimba kidogo pale kidole gumba cha Mashoto kilipozoea kukaa. Makali hakuyagusa.

"Noa wewe. Kama ulivyomnoa ndugu yake."

Ijumaa upande bapa ulilala kwenye rula, na mstari ukaenda mpaka mwisho bila kutikisika. Fundi mkuu akapitisha kidole ukingoni. Kisha akakiomba kisu, akajaribu kwa mkono wake wa kulia. Kikatoroka.

"Kisu gani hiki?"

"Kina kiburi, fundi. Kama mwenyewe."

Karakana nzima ikaangua kicheko. Fundi mkuu naye kikamshinda, akasogeza kiti chake, akampisha mezani. "Haya, Mashoto. Bado migongo mitano."

Mabaki ya ngozi aliruhusiwa kuchukua. Akamshonea mzee ala ya tupa yake, mishono midogo midogo, mara mbili kila ukingo.

"Ahsante, baba."

"Ya nini? Kisu umekinoa mwenyewe."

"Ya mkono."

Mzee akaivaa ala kiunoni, tupa ndani, akatoka nayo hivyo hivyo kwenda dukani kununua sabuni.