Korongo Kwenye Kitambaa cha Mama Magesa

Pasi ya mkaa ikipita juu ya gazeti, na chini ya gazeti kukiwa na kitambaa kilichopakwa rangi jana yake, hutoka harufu ambayo sijui niifananishe na nini. Kidogo mpira, kidogo maziwa yaliyoungulia. Hapa Bunda ninapoishi sasa naisikia karibu kila siku, maana ndiyo kazi yangu. Mara nyingi inapita tu. Siku nyingine inanirudisha Musoma, mtaa wa Mukendo, kwenye chumba kimoja nyuma ya duka la saruji, nikawa tena binti wa miaka kumi na miwili ambaye alikuwa hajalia.

Nianze na hilo la kutolia, usije ukanidhania vibaya. Mwezi wa tatu mwaka ule, mdogo wangu Mafuru, aliyekuwa na miaka minne, alishikwa na homa Jumatano, na Jumamosi tukamzika. Watu walilia mpaka sauti zikakauka. Mimi nilibeba maji, nikaosha sahani, nikawaonyesha wageni choo kilipo. Bibi mmoja wa ukoo alinishika kidevu, akanitazama machoni, akasema, "Haka katoto ni kagumu." Sikuona kama ananitukana wala kunisifu. Kila kilichosemwa siku zile nilikisikia kama mtu anavyosikia redio ya jirani.

Mama yangu alikuwa akifundisha wanawake kuchora na kupaka rangi kwenye vitambaa. Alikifunga kile chumba cha nyuma ya duka wakati wa msiba, halafu akakifungua tena. Likizo ya mwezi wa sita ilipofika hakutaka nibaki nyumbani peke yangu.

"Utakaa na wanafunzi," alisema. "Utachora kama wao."

Shida ni kwamba mimi nilikuwa najua kuchora. Nilikuwa na ndege mmoja, korongo mwenye taji, niliyemwiga kutoka kwenye jalada la daftari, na nilikuwa nimemchora mara nyingi mpaka mkono ulimtoa wenyewe bila mimi kufikiri. Miezi ile sikuchora kitu kingine. Asubuhi korongo, mchana korongo. Watu walisifu, nikaanza mwingine.

Wanafunzi walikuwa saba, wengi wao hawakuwa wamewahi kushika brashi. Wa kwanza kumaliza kazi alikuwa muuza samaki wa pale mjini, dada mcheshi, aliyechora sato ambaye kila mtu aliyemwona aliuliza kwa nini amechora ndala. Mama alikitazama kile kitambaa kwa makini, akasema, "Ndala hii inaogelea vizuri." Chumba kizima kilicheka, na mwenye ndala akacheka kuliko wote, akachora nyingine pembeni yake ili ziwe jozi.

Mama hakuwa anagusa kitambaa cha mwanafunzi hata siku moja. Mtu akikwama, alivuta kigoda, akakaa naye, akamuuliza anaona nini, anataka rangi ipi iguse ipi. Halafu alinyamaza. Aliweza kunyamaza mpaka chai ikapoa. Mimi nilimwona mvivu.

Kati ya wale saba alikuwepo Mama Magesa, mkulima kutoka Butiama, mtu mzima kuliko mama yangu. Alikuja Jumanne na Alhamisi kwa basi la kwanza, akatukuta bado tunafagia, akatupokonya ufagio. Hakuwahi kukaa darasani utotoni. Karatasi za watu alizisaini kwa dole gumba. Alijua kukikaza kitambaa cha marekani kwenye fremu kuliko sisi wote, na brashi za wenzake aliziosha mpaka zikawa kama mpya. Ila kupaka hakupaka. Alichovya brashi kwenye rangi, akaiinua juu ya kitambaa, akaishikilia hapo, akairudisha kwenye maji. Jumanne hivyo, Alhamisi hivyo, wiki tatu.

"Nikiharibu je, mwalimu?" aliuliza.

"Kitambaa hiki ni cha kuharibu," Mama alimjibu.

"Mimi sijawahigi kuharibu kitu cha mtu."

Mama alivuta kigoda.

Alhamisi ya wiki ya nne, Mama alikuwa ametoka kwenda dukani. Nilikuwa nimekaa pembeni ya Mama Magesa, nikaona brashi yake inashuka. Ilishuka kweli, ikagusa kitambaa, ikaburuta mstari mwekundu uliopinda, mnene mwanzoni na mwembamba mwishoni, kama mtu aliyeanza kusema neno akasita. Aliinua mkono. Alipumua kwa nguvu, akaiweka brashi taratibu, akasimama, akatoka nje. Nilimwona kupitia mlangoni, amesimama juani, mikono kiunoni.

Mimi nikautazama ule mstari, nikaona ni shingo. Shingo ya korongo, ila imepinda vibaya. Sikuwa na nia mbaya, nakwambia kweli. Wala sikuwa na nia nzuri. Niliona kitu ambacho hakijaisha na mkono wangu ukakimaliza. Nikainyoosha ile shingo, nikaweka kichwa, taji la njano, mbawa, miguu miwili kwenye majani. Haikuchukua muda. Wenzetu wakasogea kuangalia.

"Haka katoto kana mkono," alisema yule muuza samaki, na mtu mmoja akapiga makofi.

Mama Magesa akaingia katikati ya makofi. Walimpisha. Alikitazama kitambaa.

"Kamependeza," alisema.

Halafu akaosha brashi yake, akaikausha kwenye khanga, akakitoa kitambaa kwenye fremu, akakikunja kikiwa bado kibichi, akatuaga mmoja mmoja, akaondoka. Nilirudi kwenye korongo wangu.

Mama aliporudi akaambiwa. Hakunipiga. Aliuliza tu, "Nani alikuomba?"

"Hakuna."

Jumanne Mama Magesa hakuja. Alhamisi hakuja. Jumamosi Mama aliniamsha mapema, akafunga kwenye mfuko kipande cha marekani, makopo mawili ya rangi na brashi moja, tukaenda Butiama.

Tulimkuta nyuma ya nyumba yake, anageuza udaga wa mihogo alioanika juu ya jabali pana. Nilimwamkia, akaitikia bila kinyongo, akatuletea maji ya kunywa. Nikasema nimekuja kuomba msamaha. Nililisema kama shairi la shule.

Mama Magesa alienda kwenye kamba ya nguo, akarudi na kile kitambaa. Alikuwa amekifua. Rangi ilikuwa haijapigwa pasi, kwa hiyo ilitoka. Palibaki ukungu wa kijivu na wekundu kidogo.

"Nilitaka kutoa ndege tu," alisema. "Na mstari wangu nao ukaenda."

"Ulikuwa unachora nini?" nikamuuliza.

"Sijui. Ndiyo nilikuwa nataka kuona."

Mama akatandika kile kipande kipya juu ya jabali, sehemu isiyokuwa na udaga. Upepo ukakiinua. Akaniambia nipige magoti nishike pembe mbili, na nyingine akaziwekea mawe.

"Kushika tu," alisema. Kisha akaenda upande wa pili kugeuza udaga wa watu, akatugeuzia mgongo.

Sijui tulikaa muda gani. Jua lilitoka begani likaja kichwani. Mama Magesa alichovya, akainua, akashikilia. Nilikuwa karibu, na vidole vyangu vilijua kabisa pa kuipeleka. Nilivikandamiza kwenye jiwe. Ikashuka. Akavuta mstari, akasimama, akavuta mwingine ukaenda sambamba nao mpaka ukauacha. Tone la rangi likaanguka mahali ambapo hakutaka. Alilitazama tone lile, akalibonyeza kwa dole gumba. Akaangalia alama. Akachovya dole kwenye rangi, akaligandamiza tena, na tena, akafuata mistari yake mpaka mwisho wa kitambaa, haraka haraka, kama mtu anayesaini karatasi nyingi. Haikuwa picha ya kitu chochote ninachokijua. Hakuniuliza kama ni nzuri.

"Nyanyuka sasa," aliniambia.

Nikanyanyuka, nikaanguka. Mguu wa kushoto ulikuwa umekufa ganzi, na damu iliporudi ilirudi kama siafu. Nikaanza kulia. Mwanzoni nililia kama mtoto aliyeumia mguu, halafu sikuweza kunyamaza. Mama Magesa akaniketisha kwenye jabali, akanisugua mguu kwa ile mikono yenye rangi mpaka ukawa mwekundu wote.

"Usiukanyage kwanza," alisema. "Acha damu irudi."

Mama alikuja, akachuchumaa.

"Mguu unauma," nikamwambia.

"Ndiyo," alisema. "Unauma."

Akakaa hapo. Hakunishika wala hakuniambia ninyamaze. Udaga ulibaki nusu haujageuzwa.

Jumanne iliyofuata Mama Magesa alikuja kwa basi la kwanza, na baada ya hapo hakukosa. Hakuwahi kuchora ndege.

Miaka mingi nilidhani mama yangu hakuniona ile miezi mitatu. Niliamini kwamba alikuwa na majonzi yake, na mimi nilikuwa mtoto wa kubeba maji. Sasa ninafundisha, na najua ilivyo kazi ngumu kukaa karibu na mtu ambaye mkono wake umegoma hewani, huku mkono wako unajua njia. Baadaye shangazi aliniambia kwamba ndugu walimsumbua sana Mama siku zile: mtoto apelekwe kuombewa, mtoto achapwe alie, mtoto asemeshwe. Aliwasikiliza wote, hakufanya hata moja. Alikuwa ananingoja, na yeye mwenyewe ametoka kumzika mwanawe. Nani alikuwa anamngoja yeye, sikuwahi kumuuliza.