Mama Pindo na Vidonge vya Usingizi

Mama Pindo alikuwa fundi cherehani mwenye mkono mwepesi na mdomo mwepesi zaidi. Jina hilo alipewa na wateja, kwani hakuna nguo iliyopita mbele yake bila kuambiwa pindo lake limekwenda upande. Kwake yeye, kilichokwenda upande kilikuwa usingizi. Huo ulishamkimbia zamani.

Vidonge vya usingizi alivianza wakati mama yake alipougua, yeye akakesha kumuuguza hadi usingizi ukampotea. Mama alipona, akarudi kwake, na sasa anakoroma mpaka majirani wanajua kalala. Vidonge ndivyo vilivyogoma kuondoka. Kimoja kikawa hakitoshi, vikawa viwili, na asubuhi Mama Pindo aliketi kwenye cherehani kichwa kizito, akilaumu jogoo wa jirani, shuka, hata mwezi.

Wifi yake, dada wa mumewe, aliyekaa naye na kumsaidia kutia vifungo, hakumbakizia.

"Wifi, kaka yangu akisafiri hushtuki. Lakini pakiti ikiisha unatafuta viatu gizani!"

"Niache. Wewe unalala hata umesimama."

Kilichomzindua ni suruali ya bwana harusi. Kijana wa watu aliingia nyuma ya pazia kuijaribu, akakawia. Kisha ikatoka sauti ya upole:

"Fundi, samahani. Mguu wa pili nautolea wapi?"

Mama Pindo alikuwa ameuziba mguu mzima kwa mshono safi kabisa. Wifi alicheka hadi akakaa sakafuni. Mama Pindo naye akacheka, kisha akashangaa machozi yanamtoka na hayataki kukoma.

Alikwenda zahanati. Daktari alimsikiliza bila kumkatiza, jambo ambalo kwake nyumbani lilikuwa muujiza.

"Usiviache ghafla, utaumia," alisema. "Tutapunguza kidogo kidogo, nawe utakuwa unakuja nikuone. Amka saa ileile kila siku, hata kama hukulala. Mchana usilale. Na usiku usingizi usipokuja, toka kitandani, usigombane nao."

Mama Pindo alikuwa ametarajia dawa kali zaidi. Akarudi amenuna.

Wiki za mwanzo zilimtoa jasho. Uzi ulikataa kuingia kwenye sindano. Mchana wifi alimkuta amelalia vitambaa.

"Amka! Daktari kasemaje?"

"Daktari hamjui wifi yangu. Angemjua, angenionea huruma."

Katikati ya safari alishindwa, akarudia vidonge viwili. Alimweleza daktari huku akiangalia viatu vyake. Daktari hakumkaripia, alimwambia tu waanze tena, polepole zaidi. Wakaanza. Usiku wenye ukaidi aliketi sebuleni na wifi, wakifumua nguo kuukuu na kusengenya mtaa mzima, hadi kope zikawa nzito.

Miezi ilipita, kidonge kikawa nusu, nusu ikawa chembe, na hatimaye hakikuwepo. Asubuhi moja mwalimu mmoja, jirani yao, alikuja kuchukua sketi yake, akamkuta wifi kasimama mlangoni, mikono kiunoni.

"Fundi yuko?"

"Kalala."

"Mpaka saa hizi? Anaumwa?"

"Anaumwa wapi! Kalala tu, hivihivi, bila kidonge."

Mwalimu akashusha sauti, akauliza kama arudi baadaye. Wifi akafikiri kidogo, akamwambia arudi kesho.