Soda Baridi za Meza Kuu

Mama mdogo wangu alikuwa na mkono wa kupika kamba. Akishawamenya, aliwalaza kwenye ukwaju, tangawizi na tui zito, kisha akawachoma mbele ya mlaji, na moshi wake ulikuwa ukimtoa mtu nyumbani kwake bila kualikwa. Kwao Mlingotini, na mpaka huku Zinga ninakoishi, harusi ya mwenye uwezo haikukamilika bila yeye. Mume hakuwa naye tena. Kamba hao ndio waliokuwa heshima yake.

Lilipokuja tamasha la wajasiriamali wa vyakula, mjini Bagamoyo, mimi niliwekwa kwenye kamati ya kutafuta wadhamini. Nina kiduka cha khanga, wafanyabiashara wananijua. Nikavaa baibui langu zuri, nikaanza kupiga hodi.

Wadogo ndio waliotoa upesi. Muuza mkaa alisema tupeleke magunia, atayajaza. Akina mama wa msikitini kwetu walituazima sahani na masufuria. Mchuuzi mmoja wa samaki, jirani wa mama mdogo, akaahidi barafu yote ya kwenye friza zake.

"Tuandike jina gani kwenye bango?" nikamuuliza.

Akacheka. "Mimi sina duka la kuandikwa, mwanangu. Niandikieni dua."

Mdhamini mkuu alikuwa mfanyabiashara wa jumla wa unga, mafuta na soda. Alitoa mahema, jenereta na vinywaji vya wageni. Alitaka jina lake kwenye bango, kwenye fulana za vijana wa kazi na mdomoni mwa mshereheshaji. Hatukuona ubaya. Mwenye kutoa ana haki ya kushukuriwa.

Siku yenyewe jua lilitoka na hasira. Hema la mama mdogo lilikuwa la mwisho kabisa, karibu na vyoo, kwa sababu yale ya mbele yalikuwa ya wanaotumia unga na mafuta ya mdhamini. Hakulalamika. Alifika na kamba wake kwenye deli kubwa la plastiki, wamezungukwa na barafu ya jirani yake, akafunika na gunia juu.

"Deli halifunguliwi ovyo," akaniambia. "Ubaridi ukitoka haurudi."

Mgeni rasmi alitarajiwa asubuhi. Ikaadhiniwa adhuhuri hajatokea. Mama mdogo akaenda kuswali, nami nikaenda kufuata mkaa. Tuliporudi, gunia lilikuwa juu ya deli kama tulivyoliacha. Tukakaa, tukapepea majiko, tukangoja.

Mgeni rasmi alifika alasiri, akafuatana na majaji wa mapishi. Walianzia mbele, wakaonja, wakapigwa picha, wakasogea. Walipofika kwetu mama mdogo alikuwa amejifunga khanga mpya, uso unang'aa kama wa biharusi.

"Shikamooni, karibuni," alisema, ingawa wengi wao angeweza kuwazaa. Akafunua deli.

Harufu ilitoka kabla ya mkono wake kuingia. Ndani hapakuwa na barafu. Kulikuwa na maji ya uvuguvugu, na kamba wake wamebadilika rangi. Jaji mmoja akaziba pua. Mgeni rasmi akarudi nyuma, akasema, "Mama, unataka nikalale hospitali?" Mshereheshaji alikuwa karibu na maikrofoni yake, maneno yakasikika uwanja mzima. Watu wakacheka. Mama mdogo alibaki ameshika mfuniko, anatazama ndani ya deli kana kwamba amechungulia kisima na kuona mtu.

Mwanamke wa hema la jirani ndiye aliyetuambia, baada ya msafara kupita. Vijana wenye fulana za mdhamini walikuja tukiwa hatupo, wakazoa barafu kwa ndoo. Walisema soda za meza kuu zimepata moto na wao wametumwa. Yeye alidhani tunajua.

Nilimfuata mwenyekiti wa kamati, nikamtaka atangaze ukweli, watu wajue yule mama hakuleta uozo. Alinivuta pembeni.

"Dada yangu, tukimuudhi mdhamini, mwakani nani atatupa mahema?"

"Na barafu aliyetupa nani?"

Nikapanda jukwaani mwenyewe, nikaichukua maikrofoni mkononi mwa mshereheshaji. Nilipata kusema, "Ndugu zangu, barafu ya yule mama," ikazimwa. Jenereta ilikuwa ya mdhamini, na aliyeiangalia alikuwa mtu wake. Nikabaki nachezesha midomo mbele za watu, mpaka nikaona aibu nikashuka.

Wiki iliyofuata nikamwendea mdhamini dukani kwake. Alinipokea vizuri, akaitikia shikamoo yangu kwa upole, akaniagizia kahawa.

"Mwanangu, mimi niliomba soda baridi tu," akasema. "Sikuuliza ubaridi umetoka wapi."

Naamini alisema kweli, na ndiyo maana mpaka leo simsamehe. Kisha akasema atamfariji mama mdogo kwa gunia la unga. Alilipeleka Mlingotini mwenyewe, na mpiga picha nyuma yake. Mama mdogo alilipokea kwa mikono miwili, kwa sababu alivyolelewa, mgeni harudishwi na alichokuja nacho. Picha ile ilitoka kwenye kalenda ya duka. Ilitundikwa kwenye maduka mengi ya hapa, na chini yake maneno kwamba mdhamini anainua wanawake.

Harusi zikaacha kumwita. Hakuna aliyemwambia kitu usoni; walisema tu safari hii wameamua kupika kuku. Siku hizi hupika vitumbua barazani kwake, na kamba hawagusi hata tukimwomba sisi wa nyumbani.

Tamasha likarudi tena, mdhamini yuleyule. Kamati wakanitafuta nikazunguke madukani, nikakataa. Mama mdogo alipopata habari alikuja mpaka Zinga kunisema.

"Nenda, mwanangu. Watu watasema tuna kinyongo."

"Tunacho, mama," nikamjibu.

Akaikunja na kuikunjua ncha ya khanga yake. Halafu akaomba maji ya kunywa, nami nikaenda kumletea.