Springi Fupi au Springi za Pete

Siku yangu ya kwanza gerejini, mwanzoni mwa miaka ya themanini, Fomeni, mkubwa wa mafundi, hakunipa spana. Alinikalisha kiti cha abiria cha gari la mteja, akaendesha mpaka Nyamasaria, pembeni mwa mji, na kurudi bila neno, kisha akaniuliza, "Umeskia nini?" Nikasema sijasikia kitu. "Basi panda tena." Kwake yeye, fundi wa springi alijifunza kwa makalio kwanza, mikono baadaye. Msinicheke, ndivyo nilivyofunzwa.

Mimi ni mtoto wa Waislamu wa mji huu wa Kisumu, na kabla ya hapo nilidhani gari ni injini tu. Nikaja kujua kwamba springi hubeba uzito, na shokamzoba, ule mtungi wa mafuta unaokaa pamoja nayo, huizuia isiendelee kurukaruka baada ya shimo. Baadaye nikapelekwa tawi letu la Awasi, nikashinda chini ya malori ya miwa. Niliporudi mjini, Meneja akanipa sehemu ya springi niisimamie. Meneja alikuwa mtu wa tai na simu, Fomeni mtu wa grisi, na hawakuwahi kupatana hata juu ya chai.

Miaka ya tisini ilipoingia, vijana wakaanza kutaka magari yalale chini. Wengine walikata springi kwa msumeno, na hao niliwafukuza. Springi iliyokatwa haikai sawa kwenye kikombe chake, na siku gari likiruka inaweza kuchomoka. Anayetaka kushusha gari kwa akili ana njia mbili. Kuna springi fupi, ngumu kuliko za kiwandani: unafunga, unasahau. Halafu kuna springi za pete. Hapo mtungi wa shokamzoba umechongwa nyuzi kama za bolti, na pete inayoishikilia springi huzungushwa juu au chini, gari likapanda au likashuka.

Basi akaja Mwalimu Akinyi. Alifundisha Maseno, akienda na kurudi kila siku kwa staisheni wagoni ambayo mwenyewe wa kwanza aliiinua kwa ajili ya barabara mbovu. Alitaka ishushwe. Nikamtania, "Mwalimu, na wewe unataka kushindana na vijana?"

Hakucheka. "Ni Mama," akasema. "Alivunjika nyonga. Daktari anataka afanye mazoezi kila wiki, ama hatatembea tena. Lakini hii gari iko juu, hawezi panda. Vijana wakitaka kumbeba, anakataa. Anasema yeye si gunia ya mahindi. Sasa ameacha kwenda kabisa."

Meneja akasema springi fupi, maana zilikuwa stoo. Ajabu ni kwamba Fomeni alikubaliana naye. "Hizo za pete ni za magari ya rali," akasema. "Vumbi na matope ya huku itashika pete, ikatae kuzunguka. Mwalimu ataosha saa ngapi?"

Hakukosea. Nikafunga springi fupi. Nikamwomba Mwalimu amlete Mama pamoja na stuli anayokalia nyumbani, kwa sababu juu ya stuli ile alikaa na kuinuka mwenyewe bila kushikwa.

Mama akaja, mwembamba, na macho makali. Akageuka, akaketi bila taabu, mimi nikakaa nyuma, tukaenda Nyamasaria. Kila shimo lilipanda moja kwa moja mpaka kwenye nyonga yake. "Wee fundi," akaniambia, "hii gari inanipiga kama imenikuta kwa shamba yake." Tuliporudi akashindwa kuinuka. Kiti kilikuwa chini kuliko stuli yake. Alijaribu mara mbili, akatazama mbele. Binti yake alinyoosha mkono, Mama akausukuma. Niliona aibu iliyomshika, na ikanichoma.

Nikawaambia wakubwa wangu kwamba mama huyu hahitaji gari la chini, anahitaji gari la kimo chake, na kimo hicho hakiuzwi stoo.

"Na vumbi?" Fomeni akauliza.

"Nitaziosha pete na kuzitia grisi mimi mwenyewe."

"Kila mwezi?"

"Kila mwezi."

"Haya. Lakini Mama akikwama tena, wewe ndio utamjibu."

Meneja akapiga simu Nairobi kuagiza springi za pete. Zilipofika, nikazifunga; zilikuwa laini kuliko zile fupi. Safari hii nilimkalisha Mama ndani kwanza, kwa kuwa gari la kila siku halipimwi likiwa tupu. Nikaona limelalia wapi. Akishuka, nazungusha pete. Akipanda, natazama tena. Mwisho kiti kikawa sawasawa na stuli. Akaketi, akainuka. Akaketi tena, akainuka tena, bila sababu yoyote isipokuwa kwamba anaweza. Kisha akaingia, akaufunga mlango mwenyewe. "Ero kamano, fundi," akanishukuru kwa Kijaluo, kisha akamgeukia binti yake. "Nyara, twende."

Mwalimu hakukosa kuja kila mwezi, nami nikisugua pete kwa brashi. Mama akaja akitembea kwa mkongojo, kisha hata mkongojo akawa anausahau garini. Miaka ikapita hivyo.

Alhamisi moja Mwalimu akaja peke yake. "Bwana Rama, inua gari."

"Kiasi gani?"

"Mpaka mwisho. Jumamosi tunampeleka Mama nyumbani. Barabara ya huko ni mbovu, na gari itajaa watu."

Nikampa pole ya msiba. Pete zilizunguka bila kukwaruza, jinsi nilivyozitunza.

Leo nimestaafu, na vijana bado wananiuliza springi ipi ni bora. Nawaambia: kama gari halibadilishi mzigo wala barabara, funga fupi, upumzike. Kama linabadilisha, nunua za pete, lakini uwe na brashi. Hayo ni ya ufundi. Ila Alhamisi ile nilipomaliza nilipaswa kulijaribu gari, nikafungua mlango wa abiria. Kiti kilikuwa kimesukumwa nyuma kabisa, kumpa Mama nafasi ya kunyoosha mguu wa nyonga yake mbovu. Mwalimu akaniona nimesimama. "Kaa tu," akasema. Nikakaa bila kukisogeza, tukaenda Nyamasaria na kurudi, na hakuniuliza nimesikia nini.